Kadi ya Riba Sifuri: Mkataba Usomwe Kuanzia Mwisho

Mteja anayeingia duka kubwa la fanicha nchini Marekani hukutana na bango la "miezi 18 bila riba" karibu na kaunta ya kulipia. Akifika nyumbani anakuta bahasha ya benki yenye ahadi inayofanana: kadi mpya ya mkopo, riba asilimia 0 kwa miezi 18. Kwa kutazama juujuu, ofa hizi mbili ni pacha. Kisheria na kimahesabu ni vitu tofauti, na tofauti hiyo inaweza kumgharimu mamia ya dola mtu aliyebakiza deni dogo tu siku ya mwisho. Nchini Uingereza, ambako kadi za aina hii pia zimeenea, mkanganyiko ni wa namna nyingine: tangazo linataja miezi mingi, barua ya kukubaliwa inakuja na michache, na kikomo cha mkopo hakifikii hata bei ya kitu kilichokusudiwa.

Watu wetu walioko Minneapolis, Houston, London au Leicester wanaingia katika soko hili na mazoea ya nyumbani, ambako kadi ya benki kwa watu wengi ni ya kutumia pesa iliyomo kwenye akaunti, na mkopo ni jambo la kuombwa kwa makaratasi na mdhamini. Kadi ya riba sifuri haiko hivyo. Inatolewa haraka, malipo yake ya mwezi ni madogo mno mwanzoni, na gharama yake imefichwa mwishoni. Kwa hiyo anayetaka kuichagua vizuri hana budi kuanza na mwisho: muda unaisha lini hasa, kitakuwa kimebaki kiasi gani, na kilichobaki kitatozwa vipi.

Benki inapata nini?

Hakuna benki inayokopesha bure kwa miezi 18 kwa huruma. Chimbuko la biashara hii ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1978, katika kesi ya Marquette, iliyoruhusu benki kumtoza mteja wa jimbo lolote kiwango cha riba cha jimbo ambalo benki yenyewe imesajiliwa. Citibank ilihamishia shughuli zake za kadi South Dakota, jimbo lililokuwa limeondoa ukomo wa riba, na benki nyingine zikakimbilia huko na Delaware. Mara riba ilipokuwa haina dari, benki zilipata nafasi ya kuchezea mwanzo wa mkataba: kukishusha sana kiwango cha miezi ya kwanza, kisha kukipandisha. Katika miaka ya 1990 barua za ofa za namna hiyo zilimiminika nyumbani kwa watu kwa mamilioni.

Mapato ya benki yana njia tatu. Kwanza, muuzaji hukatwa sehemu ya kila malipo yanayofanywa kwa kadi. Marekani makato hayo kwa kadi ya mkopo ni takribani asilimia 2. Uingereza, kufuatia kanuni za Ulaya za mwaka 2015, sehemu inayokwenda kwa benki iliyotoa kadi ilifungiwa kwenye asilimia 0.3. Pili, kuna faini na ada ndogondogo. Tatu, na hii ndiyo nono, kuna wateja wanaofika mwisho wa ofa wakiwa bado wanadaiwa. Sifuri ya mmoja hulipiwa na riba ya mwenzake aliyechelewa.

Wachumi Haiyan Shui na Lawrence Ausubel walichambua jaribio la benki moja ya Marekani lililofanyika mwaka 1995, ambapo watu walitumiwa ofa tofauti bila kuchaguliwa kwa vigezo. Waliopewa riba ya asilimia 4.9 kwa miezi sita walikubali kwa wingi kuliko waliopewa asilimia 7.9 kwa mwaka mzima. Lakini matumizi yao ya baadaye yalionyesha kwamba wengi waliendelea kudaiwa muda mrefu baada ya miezi sita kwisha, na ile ofa ya mwaka ingekuwa nafuu kwao. Kila mtu anapojaza fomu huamini kwamba yeye atamaliza mapema. Benki inajua zaidi kuliko yeye, kwa sababu imewaona wengine.

Sifuri mbili zisizofanana

Tuchukue deni la dola 3,600 kwa miezi 18. Kulimaliza kunataka dola 200 kila mwezi. Tuseme mnunuzi analipa dola 180 bila kukosa hata mara moja. Muda unapokwisha amelipa dola 3,240, amebakiwa na 360.

Kwa kadi ya benki yenye sifuri ya kweli, riba inaanza siku hiyo na inahesabiwa juu ya zile dola 360 tu. Kiwango kikiwa asilimia 22 kwa mwaka, riba ya mwezi wa kwanza haifiki dola 7. Amechelewa, lakini hakuumia.

Kwa mikopo mingi ya madukani hesabu ni nyingine. Riba imekuwa ikihesabiwa tangu siku ya kwanza juu ya salio la kila mwezi na kuwekwa kando. Ikiwa deni lote limelipwa kabla ya tarehe, riba hiyo inafutwa. Ikibaki hata dola moja, yote inamwagwa kwenye akaunti kwa mkupuo. Kwa kiwango cha asilimia 30, ambacho si kigeni kwa kadi za maduka, mnunuzi wetu aliyebakiza dola 360 atadaiwa riba ya zaidi ya dola 900. Amelipa kwa uaminifu miezi yote 18 na bado deni limekuwa zaidi ya mara tatu ya alichodhani kimebaki.

Utaratibu huu ni halali Marekani. Sheria ya kadi za mkopo iliyotiwa saini na Rais Obama mwaka 2009 iliusogelea bila kuupiga marufuku. Ilichofanya ni kulazimisha kwamba, katika miezi miwili ya mwisho ya ofa, malipo yanayozidi kima cha chini yaelekezwe kwenye deni hilo. Njia ya kuzitofautisha ofa hizi ni kusoma sharti. Mkopo wa duka utasema hakuna riba ikiwa deni lote litalipwa ndani ya muda uliotajwa. Kadi ya benki yenye sifuri ya kweli ina jedwali la masharti, linaloitwa kwa jina la mwanasiasa Chuck Schumer aliyelipigania bungeni hadi likapitishwa mwaka 1988, na mstari wake wa juu unataja asilimia 0 kwa miezi kadhaa na kiwango kitakachofuata baadaye. Hakuna "ikiwa".

Mtego wa pili unakaa katika aina zote mbili, nao ni malipo ya chini ya mwezi. Benki nyingi hudai asilimia 1 ya salio pamoja na riba. Riba ikiwa sifuri, deni la dola 3,600 linadai dola 36 tu mwezi wa kwanza. Anayelipa asilimia 1 kila mwezi atafika mwezi wa 18 akiwa bado na deni la takribani dola 3,000. Taarifa ya kila mwezi inaonyesha, kwa agizo la sheria hiyohiyo ya 2009, miaka itakayomchukua mtu kumaliza kwa mwendo huo. Ni kijisanduku kidogo, na ndicho sehemu ya taarifa inayostahili kusomwa kuliko zote.

Wanaosema: chagua miezi mingi

Huu ndio ushauri unaosikika zaidi, na una nguvu yake. Dola 3,600 kwenye kadi ya kawaida ya asilimia 22, ukilipa 200 kwa mwezi, zinachukua kama miezi 22 na riba ya takribani dola 800. Kwa kadi ya sifuri ya miezi 18 riba hiyo haipo. Tangu 2023 wastani wa riba ya kadi Marekani umezidi asilimia 20, kwa hiyo kila mwezi wa sifuri una thamani kubwa kuliko ulivyokuwa muongo uliopita. Miezi mingi pia inampa mtu nafasi ya kuyumba: gari likiharibika au zamu za kazi zikipunguzwa, anaweza kulipa kidogo mwezi mmoja na kufidia baadaye.

Udhaifu wake ni kwamba miezi inayotangazwa si miezi anayoipata mtu. Kwa kawaida muda unaanza kuhesabiwa siku akaunti inapofunguliwa, wala si siku ya manunuzi. Kadi ikichukua wiki mbili njiani, na mteja akasubiri bei za punguzo za Novemba, ameshatumia sehemu ya ofa kabla ya kununua chochote. Uingereza kuna la ziada: kiwango cha riba kinachotangazwa kinatakiwa kutolewa kwa angalau asilimia 51 tu ya wanaokubaliwa, na neno "hadi" mbele ya idadi ya miezi linairuhusu benki kumpa mwombaji mwenye historia hafifu muda mfupi zaidi. Tena, kadi za muda mrefu kabisa ndizo zinazotaka historia nzuri ya mikopo, yaani ndizo ngumu kuzipata kwa aliyehamia miaka miwili iliyopita.

Wanaosema: fuata zawadi

Kambi hii inapendelea kadi yenye sifuri fupi lakini inayorudisha asilimia fulani ya matumizi au kutoa bonasi ya mwanzo. Kwa dola 3,600, asilimia 2 ni dola 72. Si haba kwa anayemaliza deni ndani ya miezi sita, na bonasi ya dola 200 ikiongezwa inapendeza zaidi. Lakini zawadi inalipwa mara moja, riba inakuja kila mwezi. Anayehitaji mwaka na nusu asishawishiwe na dola 72. Miezi miwili ya riba kwenye salio kubwa inazimeza. Na bonasi nyingi zinadai mtu atumie kiasi fulani ndani ya miezi mitatu, sharti linalowasukuma wengine kununua wasichokipanga.

Wanaosema: kadi ni kinga

Hoja hii husahaulika, nami naiona yenye uzito kuliko zawadi, hasa Uingereza. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya mwaka 1974 kinaifanya benki iliyotoa kadi iwajibike pamoja na muuzaji, kwa kitu chenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000. Muuzaji akifilisika au akileta kitu kibovu na kukataa kurudisha pesa, mteja anaidai benki. Haijalishi kama alilipia kitu chote kwa kadi. Hata malipo ya awali tu yanatosha kumpa haki juu ya bei nzima. Kampuni ya utalii ya Thomas Cook ilipoanguka Septemba 2019, waliolipia kwa kadi ya mkopo walikuwa na mlango wa kubisha ambao waliolipa taslimu hawakuwa nao. Kwa familia inayonunua tiketi za Dar es Salaam au Mombasa miezi minane kabla ya safari, hili si jambo la pembeni. Tahadhari ni moja: ukilipa kupitia wakala au mtandao wa kati, mnyororo kati ya benki na muuzaji unaweza kukatika na haki hiyo ikapotea.

Marekani kinga inayofanana ipo lakini ni nyembamba. Sheria ya Marekani, nayo ya mwaka 1974, inamruhusu mteja kuigomea benki malipo kwa bidhaa ya zaidi ya dola 50, na kimsingi muuzaji awe ndani ya jimbo lake au ndani ya maili 100. Kwa vitendo benki hurudisha pesa hata nje ya mipaka hiyo, ila kwa kanuni za mtandao wa kadi zaidi kuliko kwa lazima ya sheria.

Gharama ya kinga nayo itazamwe. Uingereza, tangu Januari 2018, muuzaji haruhusiwi kumwongezea mteja ada kwa sababu tu amelipa kwa kadi. Marekani inaruhusiwa katika majimbo mengi, na fundi wa paa au hospitali ya meno inaweza kuongeza asilimia 3. Kwa kazi ya dola 6,000 hiyo ni dola 180 zinazolipwa papo hapo, kabla sifuri haijaanza kufanya kazi.

Wanaosema: usiikaribie

Wapo wanaokataa kwa sababu za nidhamu ya fedha, na kwao jibu ni fupi: wana haki ikiwa wanajijua. Hoja ya kidini inahitaji nafasi zaidi, maana inawagusa wasomaji wengi wa Kiswahili kutoka pwani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 12 kilichofanyika Riyadh mwaka 2000, lilipitisha azimio kwamba haifai kutoa wala kutumia kadi ya mkopo ambayo mkataba wake una sharti la riba, hata kama mwenye kadi ana nia ya kulipa ndani ya muda usio na riba. Kwa msimamo huo sifuri ya mwanzo haibadilishi kitu, kwa kuwa kosa liko katika kuikubali riba kimkataba. Wapo wanazuoni wanaolegeza kwa wanaoishi nchi ambazo maisha yanamlazimisha mtu kujenga historia ya mikopo, kwa sharti awe na uhakika wa kulipa kwa wakati. Uchambuzi wa kifedha hauwezi kuamua baina yao. Unachoweza kusema ni kwamba msimamo mkali unaiona hatari ileile anayoiona mhasibu: aliyesaini mkataba wenye riba ameiacha hatima yake mikononi mwa mwezi mmoja mbaya.

Mbadala uliozoeleka ni upatu. Watu 12 wakichanga dola 300 kila mwezi, kila mmoja kwa zamu yake anapata dola 3,600 bila senti ya riba na bila benki kumchunguza. Udhaifu unajulikana na kila aliyewahi kucheza: zamu yako inaweza kuangukia mwezi wa 11, na mwenzenu akichukua na kutoweka hakuna kifungu cha 75 cha kukimbilia. Aidha, uaminifu wa miaka kumi katika upatu haumjengei mtu historia yoyote mbele ya kampuni za takwimu za mikopo.

Mgeni katika mfumo

Mwombaji mpya hujua bei ya anachotaka kununua, lakini hajui kikomo atakachopewa hadi akubaliwe. Anayetafuta dola 4,000 anaweza kupewa kadi ya dola 1,200. Hapo yuko njia panda: agawanye malipo, au aombe kadi ya pili na kuongeza alama nyingine ya uchunguzi katika ripoti yake, ambayo Marekani hukaa miaka miwili. Ndiyo maana kipimo cha awali cha kustahiki, kile kisichoacha alama, kifanywe kwanza kwenye benki kadhaa.

Hata akipata kikomo cha kutosha, kuna athari isiyotangazwa. Katika alama za FICO, ambazo wakopeshaji wa Marekani huzitumia kumpima mkopaji, historia ya kulipa ina uzito wa asilimia 35 na kiasi kinachodaiwa asilimia 30. Kadi yenye kikomo cha dola 4,000 iliyojazwa 3,600 inashusha alama hata kama kila malipo yamefika kwa wakati. Zitapanda tena deni likipungua. Anayetarajia kuomba mkopo wa nyumba mwaka huohuo ana sababu nzuri ya kuiacha ofa hii.

La mwisho linawahusu hasa wenye jamaa nyumbani. Sifuri ni ya manunuzi. Pesa inayotumwa kwa simu kwenda Kenya au Tanzania kupitia programu ya kutuma fedha, ikilipiwa kwa kadi ya mkopo, benki nyingi huihesabu kama kutoa taslimu: ada inakatwa na riba inaanza siku hiyohiyo, kwa kiwango cha juu. Bati na saruji zikinunuliwa moja kwa moja kwenye duka la Arusha kwa kadi ya Marekani, mara nyingi kuna ada ya fedha za kigeni ya kama asilimia 3. Kadi inayofaa kununulia friji Ohio si lazima iwe inayofaa kujengea Tanga.

Kupima

Misimamo hii haina uzito sawa. Kigezo cha kwanza ni kiasi ambacho mtu anaweza kukitoa kila mwezi bila kutegemea saa za ziada. Agawe bei kwa miezi ya ofa ukiondoa miwili, ili kufidia muda uliopotea mwanzoni na kuacha nafasi ya dharura. Kwa dola 3,600 na miezi 18, hiyo ni dola 225 zinazokatwa zenyewe kutoka akaunti ya mshahara. Zikiwezekana, kadi ya benki yenye sifuri ya kweli inashinda kila njia nyingine ya kukopa, na kati ya kadi mbili zenye miezi inayotosha, yenye kinga bora na ada ndogo ichukuliwe kabla ya ile yenye miezi ya ziada isiyohitajika. Mkopo wa duka wa riba iliyowekwa kando unamfaa tu mwenye pesa yote tayari, na huyo kwa kweli hauhitaji. Afadhali aombe punguzo la kulipa taslimu.

Zisipowezekana, sifuri inaahirisha tatizo tu. Mkopo wa kawaida kutoka chama cha akiba na mikopo, wenye riba lakini na kiasi kimoja kila mwezi na tarehe moja ya mwisho, unaweza kuwa salama zaidi. Marekani vyama vya aina hiyo vilivyosajiliwa na serikali kuu vimewekewa dari ya riba ya asilimia 18 katika mikopo yao mingi, kadi zikiwemo.

Kuchelewa nako kuna bei tofauti kwa kila nchi. Marekani benki hairuhusiwi kuifuta sifuri kwenye deni lililopo mpaka mteja achelewe siku 60, ingawa faini ya takribani dola 30 inakuja mapema. Uingereza faini kwa kawaida ni pauni 12, lakini mikataba mingi inairuhusu benki kuiondoa ofa yote kwa malipo mamoja yaliyokosekana. Na anayepanga kwamba salio la mwisho atalihamishia kadi nyingine ya sifuri atambue kwamba kuhama kunatozwa asilimia 3 hadi 5, na kwamba benki ya pili itamkagua wakati kadi ya kwanza bado imejaa, yaani wakati alama zake ziko chini kuliko siku alipoiomba ile ya kwanza.